Kuuza Škoda Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu soko na bei

Maswali haya yanatufikia kila mara kutoka kwa wenye yadi, madalali na vijana wanaoagiza gari mojamoja kutoka Uingereza. Tumelichukua Škoda kwa sababu ndilo linaloulizwa zaidi, lakini mengi yaliyomo yanamfaa yeyote anayeleta gari la Ulaya ambalo mtaani halijazoeleka. Maswali yana namba. Pale jibu moja linapotegemea jingine, tumetaja namba badala ya kurudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Škoda ni gari la wapi, na kwa nini huku halijulikani?

Ni gari la Jamhuri ya Czech, na kiwanda chake kikuu kipo Mladá Boleslav. Václav Laurin na Václav Klement walianza na baiskeli mwaka 1895, wakatoa gari lao la kwanza mwaka 1905. Mwaka 1925 kampuni yao iliungana na kampuni kubwa ya Škoda ya mji wa Plzeň, na jina hilo likabaki. Volkswagen iliingia ubia mwaka 1991, na kufikia mwaka 2000 ikawa inaimiliki kampuni yote.

Huku halijulikani kwa sababu mitumba yetu mingi inatoka Japani, na Škoda si gari unalokutana nalo kwenye minada ya Japani. Zinazotufaa zinatoka Uingereza, ambako usukani upo kulia kama kwetu. Aliyezoea kuagiza Japani anakutana na njia mpya, wauzaji wapya na nyaraka tofauti. Wengi huishia hapo.

2. Kutojulikana ni sawa na kuwa na jina baya?

Hapana, na hili ni muhimu kulielewa kabla hujatoa hata shilingi ya matangazo. Uingereza ya miaka ya 1980 na 1990 ililijua sana jina la Škoda, ikalifanyia mzaha. Mwaka 2000 kampuni ilitoka na matangazo yaliyokiri waziwazi kwamba watu hawaamini gari zuri kama lile linaweza kuwa Škoda, na yalifaulu kwa sababu kila mtazamaji alikuwa anaujua mzaha wenyewe.

Dar hakuna mzaha wa kufuta. Mteja wa Kimara au Tabata hana neno baya juu ya Škoda, ana maswali mawili tu: fundi wangu ataliweza? Siku nikitaka kuliuza, nitamuuzia nani? Matangazo yako na bei yako vyote vijibu hayo mawili. Ukianza kujitetea kwa tuhuma ambazo mteja hajawahi kuzisikia, unampandikizia wasiwasi ambao hakuwa nao.

3. Mteja wa kwanza nimtafute wapi?

Usianze na dereva wa Bolt. Yeye anahitaji IST au Passo ambayo spea yake ipo kila kona, na ana haki kabisa. Anza na mtu ambaye tayari ana Volkswagen kama Golf, Polo au Passat. Huyo ana fundi wake anayeyajua magari haya, anajua filta inauzwa wapi, na hoja yako kwake ni fupi. Wa pili ni aliyewahi kusoma au kufanya kazi Ulaya: huyo ameshapanda Škoda Octavia, mara nyingi ikiwa teksi, na jina halimshangazi.

Wa tatu ni mtumishi au mfanyabiashara mwenye familia anayetaka gari lenye umri mdogo kwa bajeti ile ile. Huyu ndiye soko lako la kesho, lakini usimfanye wa kwanza. Atamuuliza jirani, na jirani huyo unataka awe mmoja wa wale wawili wa mwanzo.

4. Nianze na modeli ipi?

Octavia. Buti la Octavia ya kizazi cha tatu, ile yenye mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo, ni lita 590, wakati Golf ya kizazi cha saba waliyochangia msingi mmoja ina lita 380. Kwa mtu anayepakia magunia na mabegi kila Desemba, tofauti hiyo haihitaji maelezo.

Yeti inapendwa kwa sababu imeinuka (milimita 180 kutoka chini) na barabara za ndani za Goba na Bunju inazimudu. Ila iliacha kutengenezwa mwaka 2017, kwa hiyo Yeti utakayoagiza leo inagusa kodi ya umri (swali la 5). Piga hesabu kwanza. Kodiaq ya viti saba ni gari zuri sana, lakini mtaji wake ni mkubwa na likikaa yadi miezi sita linakufunga mikono. Fabia inafaa kwa mteja wa Vitz anayetaka kubadilisha ladha, ingawa faida yake ni nyembamba.

Chukua modeli moja, rudia hiyo hiyo mara kadhaa. Magari matatu ya aina moja yanatumia spea zilezile, fundi analizoea moja, na mtaani watu wanaanza kulitambua.

## Bei

5. Gharama ya kulitua gari Dar inahesabiwaje?

Fungua kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kabla hujamtumia muuzaji hela. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima hadi bandarini. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: injini isiyozidi cc 1000 haitozwi, kuanzia 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni 10. Kisha VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya jumla hiyo. Tozo ya reli na ada ya uchakataji wa forodha ni ndogo, lakini zipo.

Kinachowaumiza wengi ni umri. Gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na la zaidi ya miaka 10 asilimia 30. Umri huhesabiwa kuanzia mwaka wa kutengenezwa.

Chukua mfano wa kubuni. Gari la cc 1400 lenye thamani ya shilingi 20,000,000 hadi bandarini, umri chini ya miaka 8. Ushuru wa forodha ni 5,000,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 ya 25,000,000, yaani 1,250,000. VAT ni asilimia 18 ya 26,250,000, yaani 4,725,000. Jumla ni 10,975,000. Sasa chukua gari lenye thamani hiyo hiyo, ila limepita miaka 10: ushuru wa umri ni 7,500,000, VAT inapanda hadi 6,075,000, na jumla inafika 19,825,000. Umelipa 8,850,000 zaidi kwa gari lililochoka zaidi. Ni kweli gari la zamani linanunuliwa kwa hela kidogo kule, lakini mara nyingi sehemu kubwa ya unafuu huo inaishia forodhani.

Kumbuka pia kwamba TRA inaweza kutumia thamani yake badala ya ile ya risiti yako. Kama modeli yako huioni kwenye kikokotoo, usikisie kwa kuangalia Golf. Mpe wakala wako wa forodha namba ya chesisi na mwaka, asubiri majibu, ndipo ulipe. Viwango hubadilika na bajeti ya Juni, kwa hiyo gari litakalotua Julai lihesabie kwa tahadhari.

6. Nilinganishe bei yangu na gari gani wakati Škoda nyingine za kulinganisha hakuna?

Sakafu yako ni gharama ya kutua. Dari yako ni Golf au Passat ya umri na hali ile ile inavyouzwa Dar, kwa sababu mteja anayeyajua magari haya hatalipa zaidi ya hapo kwa nembo asiyoizoea. Bei yako ikae chini kidogo ya dari hiyo. Nasema kidogo, kwa sababu ukishuka sana yule mwenye Golf atajiuliza kuna nini.

Ila mteja wa tatu wa swali la 3 hafikirii Golf. Anafikiria RAV4, Harrier au Forester, na hapo kulinganisha kunabadilika. Usishindane naye kwa bei ya chini, shindana kwa umri wa gari. Muonyeshe kwamba hela anayotaka kununulia Toyota iliyopita miaka kumi inampatia Octavia ya miaka saba. Kodi ya umri inakusaidia kwenye hoja hii, na unaweza kumwekea hesabu mezani aione.

7. Si bora niuze rahisi sana mwanzoni ili jina lienee?

Tunalisikia hili kuliko yote, na jibu letu ni hapana. Gari la kwanza ukiliuza milioni 25 wakati thamani yake ni 35, hiyo 25 ndiyo inakuwa bei ya Škoda mjini. Anayefuata atakuja na picha ya tangazo lako la zamani kwenye simu. Na aliyenunua mwanzo, siku akitaka kuuza, ataambiwa "hizi zilikuwa 25 mpya kutoka bandarini". Umemharibia yule yule ambaye ulitaka akusifie.

Mtu atasema mbona Dacia ya Romania ilipenya kwa bei. Kweli, Renault iliichukua mwaka 1999, ikatoa Logan mwaka 2004, na ilipoingia Uingereza mwaka 2013 Sandero ilianzia pauni 5,995. Lakini liangalie vizuri: lile gari lilibuniwa tangu mwanzo liwe la gharama ndogo, na bei yake ilikuwa ndogo kwa kila mtu na ilisimama bila kupunguzwapunguzwa. Bei ya chini iliyosimama haiumizi thamani ya kuuza tena. Kinachoiumiza ni bei ya juu inayoporomoka.

Hela uliyotaka kuipoteza kwenye punguzo ipeleke kwenye spea (swali la 15) na kwenye ahadi ya kununua tena (swali la 8).

8. Mteja akiuliza "nikitaka kuliuza nitamuuzia nani?" nimjibu nini?

Mwambie: utaniuzia mimi. Kisha andika.

Hapa ndipo biashara nzima ya gari lisilojulikana ilipo, kwa hiyo tulia nalo. Anayenunua Toyota Dar ananunua pia uhakika kwamba wakati wowote, hata usiku, akipata shida ya ada au msiba, gari litageuka hela ndani ya siku mbili. Škoda yako haina uhakika huo. Hakuna tangazo litakaloweza kuuleta, ila mkataba unaweza.

Tuseme umeuza gari kwa 37,000,000. Mpe karatasi inayosema ndani ya miezi 12 utalinunua tena kwa asilimia 70 ya bei aliyolipa, yaani 25,900,000, kama halijapata ajali, kama sevisi zote zimefanyika na risiti zipo, na kama halijavuka kilomita mlizokubaliana. Weka pia muda wako wa kulipa, tuseme wiki mbili, ili usiahidi fedha ambayo huna mfukoni. Akilirudisha, unalikagua na kuliuza tena ukiwa na historia yake yote mkononi. Hilo ni gari rahisi zaidi kuuza kuliko lililotoka bandarini jana.

Wengi hawalirudishi. Wanachokihitaji ni kujua kwamba wanaweza. Lakini usiandike ahadi hii kwa magari mengi kuliko mtaji wako, maana ukishindwa kulipa hata moja, habari itafika Mwenge kabla yako.

9. Niweke "maongezi yapo"? Na dalali nimlipeje?

Acha nafasi ndogo ya maongezi, kwa sababu mteja wa Dar asiyepunguziwa kabisa anaondoka na kinyongo hata kama bei ilikuwa ya haki. Nafasi hiyo iwe ile ile kwa wote. Pia unaweza kutoa kitu badala ya hela: sevisi ya kwanza, plagi mpya, vihisi (sensa) vya kurudi nyuma.

Dalali mlipe udalali mliokubaliana kwa maandishi, na bei ya gari itangazwe hadharani ili asipate pa kuweka cha juu. Kwenye IST cha juu kinajirekebisha, maana mteja ana matangazo mengi ya kulinganisha. Kwenye Škoda hana. Akiwekewa milioni tatu juu na akaja kujua baadaye, hatamlaumu dalali, atasema "magari ya yule bwana ni ghali".

10. Naweza kutangaza bei kwa dola kwa kuwa nilinunua kwa fedha za kigeni?

Hapana. Kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kupanga na kutangaza bei za ndani kwa fedha hizo. Weka shilingi, na kama unahofia kubadilika kwa kiwango, andika tarehe ambayo bei itaangaliwa upya.

## Kutangaza

11. Niseme tu ni Volkswagen ili nisisumbuke?

Sema ukweli wote: ni Škoda, kampuni iliyo ndani ya Volkswagen, na injini zake nyingi ndizo zilizomo kwenye Golf, Polo na Passat. Sentensi hiyo inatosha na ina nguvu. Ukisema "hii ni Volkswagen", mteja atafika kwa fundi, ataona nembo ya mshale wenye mbawa, na kila ulichosema kabla kitageuka uongo. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na FCC (Tume ya Ushindani) ipo kwa kazi hiyo.

12. Instagram na WhatsApp niweke nini?

Weka bei. "Njoo inbox" inafaa kwa gari ambalo mtu anajua bei yake kwa kichwa. Kwa hili atadhani unampima mfuko.

Kisha onyesha vitu ambavyo mwenye gari la Japani anavielewa papo hapo. Redio ni cha kwanza. Magari ya soko la Japani redio yake inaishia chini, ndiyo maana watu wanafunga kifaa cha kuongeza masafa au wanabadilisha redio kabisa. Gari la Uingereza linashika hadi 108, na menyu yake ni ya Kiingereza, si herufi za Kijapani. Piga video ya sekunde kumi na tano ukipita stesheni zote za Dar. Ni kitu kidogo, lakini tumeona watu wakiuliza gari kwa sababu ya redio.

Superb na Kodiaq zina mwavuli uliofichwa ndani ya mlango: upige picha wakati wa masika. Kwenye kifuniko cha tangi la mafuta kuna kikwangulio cha barafu ambacho kwetu hakina kazi hiyo, ila kwenye modeli za karibuni kina alama za kupimia kina cha kashata za tairi. Kichomeke kwenye tairi mbele ya kamera. Buti nalo lijaze vitu halisi, magunia na beseni, usiandike lita peke yake.

13. Dashibodi inasoma maili. Niwaambie?

Lazima, tena kabla hawajauliza. Gari la Uingereza linaloonyesha 60,000 limetembea takriban kilomita 96,500, na mteja asiyeambiwa atasoma 60,000 kama kilomita. Andika zote mbili kwenye tangazo.

Hapa una silaha ambayo muuzaji wa gari la Japani hana kwa urahisi huo. Serikali ya Uingereza inaweka bure mtandaoni historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari, ya kila gari, na gari la kule huanza kukaguliwa likifikisha miaka mitatu. Mpe mteja namba ya usajili ya Uingereza aandike mwenyewe kwenye simu yake. Ataona maili zilizosomwa kila ukaguzi, gari lilifeli nini, tairi zilishauriwa kubadilishwa lini. Kama kuna jambo baya humo, aione pamoja na wewe na umweleze ulichokitengeneza. Ukaguzi huo pia huandika kutu ya chini, na hilo usilipite, kwa sababu barabara za kule hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi.

## Fundi na spea

14. Fundi wa mteja akisema "achana na hilo gari" nifanyeje?

Mkaribishe fundi. Mauzo ya gari la namna hii hufanyika mbele ya boneti iliyofunguliwa, na mwenye kauli ya mwisho si mwenye hela.

Hali ya kawaida ni hii: mteja amelipenda, anampigia fundi wake wa Ilala, na sauti inasikika ikisema "kaka, hayo spea utaagiza Ulaya". Usibishane kwa simu. Ng'oa kifuniko cha plastiki kilicho juu ya injini, kinatoka kwa kuvutwa tu. Chini yake, kwenye koili na vifaa vingine, kuna mihuri ya VW na pete nne za Audi. Piga picha, mtumie fundi WhatsApp pamoja na msimbo (code) wa injini. Mara nyingi jibu linalorudi ni "kumbe ni hiyo", kwa sababu injini hiyo ameshaifungua kwenye Golf.

Halafu mpe gari akalizungushe mwenyewe, na mteja akiwa ndani. Mlipie muda wake wa ukaguzi, lakini usimpe asilimia ya mauzo. Ushauri ulionunuliwa mteja anaunusa.

15. Niwe na spea zipi dukani?

Zile zinazoisha: filta zote, brek pedi, plagi, koili, bushi na boljointi za mbele, linki za stabilaiza, shokapu za mbele, wota pampu pamoja na nyumba yake ya thamostati kwa injini za petroli za 1.2 na 1.4 TSI, na oili yenye kiwango cha VW 502 00. Nyingi utazipata kwa wanaouza spea za Volkswagen Kariakoo na Gerezani, lakini ukiwa nazo kwako mteja anaziona siku ya kununua. Rafu hiyo ndiyo tangazo lako bora.

Taa, bampa, boneti na vioo ni vya Škoda yenyewe, haviazimwi kutoka Golf. Viagize kwa namba ya chesisi, inayoanza na TMB kwa zilizotengenezwa Czech. Mwambie mteja mapema kwamba bampa litachukua wiki kadhaa.

16. Gia boksi ya DSG (otomatiki yenye klachi mbili) ni tatizo huku?

Ipo ya gia 7 yenye klachi kavu, inayofungwa kwenye injini ndogo, na hiyo inahitaji heshima. Novemba 2013 Volkswagen iliita magari yapatayo milioni 1.6 duniani ili kubadilisha oili ya gia boksi hiyo, kutoka ya sinthetiki kwenda ya madini, kwa sababu ya hitilafu za umeme zilizoweza kutokea hasa kwenye nchi zenye joto na unyevu. Joto, unyevu na foleni ya Mandela: ndiyo Dar kamili.

Kwa hiyo usinunue yenye klachi kavu bila historia ya sevisi. Ikifika, ipimwe kwa mashine na iendeshwe kwenye foleni ya kweli, saa moja asubuhi, si barabara tupu ya Jumapili. Kwenye hesabu yako ya bei tenga hela ya klachi, na ikiwa haikuhitajika ndipo iwe faida. Mteja mfundishe asilishikilie gari kwa mafuta kwenye mlima, akanyage breki.

17. Na dizeli?

Kwa mteja wa safari ndefu za mikoani, sawa. Kwa anayetoka Sinza kwenda Posta na kurudi, hapana. Chujio la moshi linahitaji mwendo mrefu ili lijisafishe, na foleni hailipatii nafasi hiyo. Muuzie ya petroli.

## Hali za pembeni

18. Benki au kampuni ya bima haina thamani ya gari hili. Nifanye nini?

Andaa faili kabla mteja hajaenda: nyaraka za forodha na malipo ya TRA, ankara ya ununuzi, historia ya MOT, picha, na ripoti ya mthamini anayekubalika na benki yake. Bima kubwa ikatwe kwa thamani halisi ya soko. Mteja akishawishiwa kuandika thamani ndogo ili alipe kidogo, mwonye: siku ya ajali atalipwa kwa hiyo ndogo, na bampa la swali la 15 halitajali.

19. Naweza kujiita wakala wa Škoda?

Kama huna mkataba na kampuni, hapana. Andika "tunauza magari ya Škoda yaliyotumika". Nembo yao usiiweke kwenye bango la duka kana kwamba ni yako.

20. Mwenzangu ameleta Octavia na anaziuza bei ya kutupa. Nishushe?

Kwanza nenda ukazione. Mara nyingi utakuta zina umri mkubwa, zimepata ajali au maili hazijatajwa. Usimseme vibaya, mpe mteja namba ya usajili ya Uingereza ya gari lako aangalie MOT (swali la 13) na umwombe aitake ya lile jingine. Kama magari yake ni mazima kweli, mfuate mzungumze: mkikubaliana kuagiza spea pamoja, nyote mnafaidika, na Škoda nyingi mjini ni msaada kwa swali la 8. Bei yako ibaki.

21. Gari limewasha taa ya injini mwezi mmoja baada ya mauzo. Ni langu au ni lake?

Inategemea karatasi mliyosaini, ndiyo maana iwepo. Tunapendekeza dhamana ya miezi mitatu kwa injini na gia boksi, ikitaja wazi kisichohusika: tairi, betri, oili isiyo ya kiwango, mafuta machafu. Hata kama halikuhusu, lipokee siku hiyo hiyo, lisomwe kwa mashine bure, na mteja apewe msimbo wa hitilafu kwa maandishi pamoja na bei ya kutengeneza. Ikiwa ni koili, unayo kwenye rafu, ifunge kabla hajamaliza chai.